Bibi wa Juu na Watu Waliopitiwa

Sambusa zangu nyingi ziliungua kwa sababu ya neno moja. Nikiwa jikoni chini, mafuta yameshapata moto, ilishuka sauti kutoka ghorofani: "Wa Chini wee! Njoo mbio, kapitiwa!" Nami nikaacha kila kitu nikapanda ngazi ya mbao na unga mpaka kwenye viwiko, kwa sababu mtu aliyepitiwa hakungoji. Ukichelewa unamkuta ameshakaa, amefunga vifungo vya koti, anazungumza mambo ya kesi au ya bastola kama kwamba hapakutokea kitu.

Kwetu neno hili ni la kila siku. Mtu akijinyoosha baada ya chakula mpaka Alasiri ikampita, husema nimepitiwa. Akitia chumvi mara mbili, kapitiwa. Akimwita mkewe kwa jina la mke wa zamani, huyo naye kapitiwa, ingawa hapo hapatikani wa kumwamini. Ni kosa lisilo na mkosaji: kitu kimepita juu yako kikaenda zake. Bibi wa Juu alilichukua neno hilo akalipa kazi nyingine. Kwake yeye, aliyepitiwa ni mtu aliyemo kwenye filamu isiyo ya ngoma, filamu ya vita au ya mauaji au ya mahakamani, ambaye katikati ya shughuli zake, bila kuombwa wala kulipwa, anaanza kucheza.

Filamu alizitazama kwa ajili ya hapo tu. Mengine yote, nani kamuua nani na fedha zimefichwa wapi, aliyavumilia kama mtu anavyovumilia khutba ndefu ya harusi akijua biriani linakuja.

Tulimwita Bibi wa Juu kwa sababu yeye alikaa juu na sisi tulikaa chini, katika nyumba moja ya zamani huku Mkunazini. Jina lake nililiona kwenye karatasi ya malipo ya maji tu, na kila nilipoliona ilinichukua muda kufahamu ni la nani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na pua ambayo mwenyewe alisema ilifika Unguja kabla ya babu zake. Ndani alitembea peku, na kila mgeni wake aliacha viatu chini ya ngazi, yaani mlangoni kwangu, hata siku za khitma nyumba yangu ikafanana na duka la makubadhi. Sasa huko juu wanakaa watu wengine. Wanavaa viatu ndani, na boriti za dari yangu hazina tena la kunambia.

Usidhani alikuwa mpenzi wa zile filamu za Kihindi ambazo mji mzima tulikua nazo. Hizo alizikinai zamani.

"Wale kucheza ndiyo kazi yao," alisema. "Mtu kapendwa, anacheza. Kaachwa, anacheza. Baba yake kafa, ngoja kidogo, atacheza. Sasa mimi nitajuaje lini kafurahi?"

Aliwataka wasio na sababu. Kulikuwa na jasusi mmoja aliyemtazama mara nyingi kuliko jamaa zake. Jasusi yule anaingia kwenye lifti peke yake, ndani kuna muziki mwembamba kama wa saa ya ukutani, na kati ya ghorofa moja na nyingine mabega yake yanaanza, kisha kiuno, kisha anazunguka na mkoba wake wa siri. Lifti ikisimama na mlango ukifunguka, anakuwa gogo. Watu wanaingia, wanamtazama, wanaona gogo lililovaa tai. Bibi wa Juu alicheka hapo mpaka akaomba maji. Kisha, akishafuta macho kwa ncha ya mtandio, alisema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Wangapi tumewaona tukawadhani magogo, kumbe mlango ulifunguka tu."

Alikuwa na mpishi wa jeshi pia, aliyecheza na upawa huku mabomu yakianguka na viazi vikimngoja. Alikuwa na hakimu aliyekuwa akitafuta kandambili kwa mguu chini ya kitanda, mguu ukatafuta na kutafuta mpaka ukasahau ulichokuwa ukikitafuta. Na alikuwa na kanuni yake: mtuhumiwa akicheza vizuri, basi hakuua. "Huyu hana damu ya mtu," alisema kwa yakini. "Tazama shingo ilivyolegea. Aliyeua hachezi hivi." Kila mara alikuwa ndiye aliyeua. Bibi wa Juu hakubabaika hata kidogo. "Basi na huko pia alipitiwa," alisema, akazima.

Mwenye duka la filamu kule Darajani alimwogopa kuliko watu wa kodi. Siku ya kwanza nilimsindikiza mwenyewe.

"Nataka filamu isiyokuwa na ngoma," alisema Bibi.

"Zipo, Bibi. Hizi zote huku."

"Lakini mtu acheze."

"Ahaa! Basi chukua hii, ya Kihindi, mpya."

"Nshakwambia isiwe ya ngoma!"

"Sasa, Bibi yangu, acheze au asicheze?"

"Acheze. Lakini mwenyewe asijue kama atacheza."

Yule bwana alinigeukia, macho yamemtoka. "Dada, nisaidie. Huyu bibi anataka nini?" Nilimweleza, na lazima nimpe haki yake, alielewa akawa hodari. Baada ya muda alikuwa akiniita nikipita na kapu langu: "Dada, mwambie Bibi nimempata polisi. Kapitiwa vizuri sana, na mvua juu. Hebu lete flashi nikutilie."

Kwenye kubusiana Bibi alikuwa mkali. Alinyanyuka mara moja, akatupa mtandio juu ya kioo cha televisheni, akasimama pembeni kama askari wa benki. Kisha aliinua ncha ya mtandio akachungulia. "Bado," akatupasha habari, akaushusha. Akachungulia tena. "Kha! Hawa hawana kazi za kufanya?" Mdogo wangu Zuwena alipomuuliza kwa nini anaficha busu na haifichi ngoma, alijibu: "Kubusu ni mambo ya wawili. Kupitiwa ni kwa umma wote."

Umeme nao ulikuwa na tabia ya kukatika pale pale. Mguu wa mtu uko hewani, kwishnei, giza. Bibi wa Juu hakukubali kuachwa hivyo. Alituweka chini, mimi na Zuwena na mdogo wetu wa mwisho, Mudrik, akatuhoji kila mmoja aonavyo mguu ule ungeshukia wapi. Mudrik alisema ungeshuka chini. Alifukuzwa.

Sasa lililonishangaza ni kwamba huyu mjuzi wa kucheza, mwenyewe hakucheza. Kwenye harusi alipewa kiti cha mbele, akakaa akijipepea kwa kipepeo chake cha ukindu, na wanawake walipomvuta mikono alijibu, "Niacheni, mimi mtazamaji." Hakuna aliyewahi kumwona akitikisa hata kidole.

Lakini mimi nilikaa chini yake, na dari haifichi siri. Siku moja nimekamua tui zito, limetulia kwenye sufuria, nikaona chokaa inadondoka ndani yake kama theluji ya kwenye filamu. Juu boriti zinalia. Hatua fupi fupi, kisha moja ya kuburuta, kimya, kisha tena fupi fupi. Nikapanda ngazi kwa vidole. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, kanga imefungwa kiunoni, anahema.

"Bibi, kuna nini?"

"Nlikuwa nakanyaga mende."

"Mende gani anakanyagwa kwa mpango namna hii?"

"Mende mjanja."

"Kafa?"

"Kakimbia. Na wewe nenda zako, tui litakata."

Basi ikawa kila chokaa ikidondoka, Zuwena anafunika sufuria na kusema, "Mende kaja." Na mbele za watu Bibi aliendelea kuwa mtazamaji.

Mimi ni mkubwa wa watatu. Mama alitangulia, Baba hakukawia kumfuata, nami nikaacha skuli nikashika jiko: sambusa na kachori za kupeleka madukani. Watu wa mtaa walinisifu kwa neno moja, kwamba nimesimama. Masikini yule kasimama kwelikweli, walisema, na ilikuwa kweli, maana sikuwa nikikaa. Waliokuja kutupa pole walileta mchele na machozi. Bibi wa Juu alileta mchele pia, ila machozi hakuleta. Alisimama juu ya ngazi akapiga kelele.

"Wa Chini wee!"

"Naam!"

"Njoo ukae utazame."

"Nina sambusa, Bibi."

"Sambusa zina miguu? Zitakwenda wapi?"

Kile kiti chake cha mti, chenye mto wa sufi uliotoboka, ndicho pekee nilichokikalia miaka ile bila ya kufikiria nani atakifuta. Nilikuwa nacheka kule juu, nikishuka nakuta watoto wananingoja na uso wangu unarudi mahali pake kabla sijafika chini. Mlango wa lifti, ungeweza kusema.

Siku ya harusi ya Zuwena, ukumbi ulijaa wanawake, taarabu imepamba moto, mashoga zake wakanifuata na kanga ya kunifunga kiunoni. Mama wa biarusi ni wewe, walisema, leo huna pa kukimbilia. Nilikimbilia masinia. Bibi wa Juu akanikuta nyuma ya pazia nikigombana na wapishi.

"Hata bega, mwanangu?"

"Bibi, biriani litaisha."

"Biriani litaisha hata ukilisimamia."

"Kila mtu ananitazama mimi."

"Kwani wewe filamu?" Akanitazama kwa muda, pua ile imeelekezwa usoni kwangu kama kidole. "Inshallah ipo siku utapitiwa. Mimi Mungu anibakishie macho tu."

Macho ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kuondoka. Daktari aliita presha ya macho, akampa matone, akatwambia kilichokwisha kwenda hakirudi, tushike kilichobaki. Kilichobaki nacho kikawa kinajiondokea kidogo kidogo, kama wageni wenye adabu. Kwanza alisogeza kiti. Kisha akakisogeza tena. Mwishoni alikuwa anatazama pua imegusa kioo, na Mudrik akasema Bibi haitazami filamu, anainusa. "Nainusa," alikubali Bibi, "na hii imechacha." Kisha ikawa hata hapo haoni ila moshi.

Maneno hayakumshinda. Filamu za dukani kwa yule bwana zilikuwa zimetiwa sauti ya mfasiri, mtu asiyekuwa na breki, anayemsemea mwanamume na mwanamke na mbwa. Bibi alifuata kila kitu kwa masikio. Lakini mtu anapopitiwa hasemi. Muziki unalia, na hata yule mfasiri, ambaye hanyamazi hata kwenye mazishi, hapo hukosa la kufasiri.

"Wamenyamaza," alisema Bibi. "Wanafanya nini?"

"Anacheza, Bibi."

"Anacheza vipi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sina maneno. Nilisema anazunguka. "Anazunguka kama feni, au kama paka anayetafuta pa kulala?" Nikasema anatikisa bega. "Kwa kujua au kwa kutokujua?" Mara moja, wanapocheza mwanamume na mwanamke wakali, nilisema wanakwenda kama watu waliokutana kwenye uchochoro wetu huu, kila mmoja na sinia lake kichwani, huyu akienda kulia na yule kulia, huyu kushoto na yule kushoto. Hiyo aliipenda. Akaniomba nyingine, sikuwa nayo. Zuwena, akija kutusalimu, alisimulia kwa kunogesha mno. Alimrusha hakimu dirishani, na Bibi akamwambia filamu yako nzuri lakini nasikia ya kwangu ina kengele tu. Mudrik alisema, "Wanacheza tu." Alifukuzwa tena, na safari hii alikuwa na ndevu.

Siku moja nikapanda nikakuta televisheni imefunikwa kwa kile kitambaa cha kufuma, na nyaya zimekunjwa juu yake. Mama yangu aliifunika cherahani yake namna ile ile, na kuikunjia waya wa taa, mwezi aliolala kitandani asiinuke. Nikasimama mlangoni.

"Nampelekea mtoto wa ndugu yangu Mkokotoni," alisema. "Hamali atakuja kesho baada ya Alasiri. Mimi redio yanitosha."

"Bibi, redio hukuipenda hata ulipokuwa huoni... hata ulipokuwa unaona."

"Ndo nitajifunza. Mwanangu, mimi sikutaka kujua nani kaua. Nlitaka kuwaona wale. Sasa nasikia wauaji watupu." Alisema bila ya huzuni, kama anayepanga vyombo, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikuwa anafunga duka.

Kesho yake nilipitia Darajani. Yule bwana wa filamu hakuniuliza sana. Alinitilia moja kwenye flashi, akasema hii bado hajampa mtu. Alasiri nikapanda juu, nikaondoa kitambaa, nikachomeka nyaya.

"Nani anagusa tivii ya watu?"

"Mimi wa Chini. Hamali hajafika. Tuiage."

Akakaa. Filamu ilikuwa ya mwanamke mwendesha mashtaka, mkali kama siki, asiyecheka na mtu. Ameshindwa kesi kubwa. Wenzake wote wamekwenda nyumbani, yeye amebaki ofisini, na kwa kuwa hajui la kufanya na mikono yake anachukua fagio. Nyumba ya jirani mtu anapiga muziki. Yule mwanamke anafagia, anafagia, na fagio linaanza kukawia.

Mfasiri akanyamaza.

"Wamenyamaza," alisema Bibi kwa sauti ndogo. "Kapitiwa?"

"Kapitiwa."

"Vipi?"

Nikafungua mdomo. Nilimwona yule mwanamke waziwazi, kila kitu chake, na hakuna hata neno moja lililokuja. Nikaona muziki utakwisha.

"Bibi, inuka."

"Nani, mimi?"

"Inuka, nipe mikono." Nikaiweka mabegani kwangu, mikono myepesi kama makuti makavu, nikaanza kufanya alichokuwa akikifanya yule kwenye kioo.

Bibi wa Juu alisikiliza kwa viganja. Akakunja uso.

"Mwanangu, huyu mtu kabeba jeneza?"

"Hapana, Bibi."

"Ndivyo alivyo yeye, au ndivyo ulivyo wewe?"

"Ndivyo nilivyo mimi."

"Basi jitoe wewe, niletee yeye."

Sijui nilijitoa vipi. Najua nilitazama miguu ya yule mwanamke na kuacha kutazama yangu. Alilegeza bega, nikalilegeza. Aliegemea fagio kama anayeegemea mlango wa nyumba yao, nikaegemea. Aliburuta mguu mmoja akazunguka, nami nikazunguka, na Bibi nyuma yangu akazunguka, mikono haikuniachia, na nikasikia hatua zake peku sakafuni, fupi fupi, kisha moja ya kuburuta. Boriti zikaanza kulia.

"Dada!" Mudrik alipiga kelele kutoka jikoni. "Dada, chokaa inaingia kwenye mchuzi!"

Tukazunguka tena. Kisha mlango wa chini ukagongwa na sauti nzito ikaita, "Hodi! Nimekuja kuchukua tivii ya Mkokotoni!" Hiyo nayo ilipita juu ya kichwa changu ikaenda zake.

"Wa Chini," alisema Bibi.

"Naam."

"Hao kwenye filamu washaanza kusema zamani."

Nikasikiliza. Ilikuwa kweli. Mfasiri alikuwa amerudi mbio, mkubwa wa ofisi ameingia, rufaa imetajwa, na yule mwanamke amesimama na fagio lake, gogo. Muziki ulikwisha sijui lini. Nikasita, mguu mmoja haujatua, nikangoja alitamke lile neno lake. Hakulitamka.

"Nlikuwa nakanyaga mende, Bibi."

Mikono yake ilikuwa bado mabegani kwangu.

"Kafa?"

"Bado."

Akageuza uso upande wa ngazi, akapaza sauti mpaka nadhani waliokuwa sokoni waliisikia. "Wee hamali! Rudi ulikotoka, tivii haitoki! Huku juu pana mende!"

Kisha akanibonyeza bega kidogo, la kushoto.

"Haya," alisema. "Usimwache."